Uso Umebadilika, au Mpimaji Ndiye Amebadilika?

Swali: Shikamoo Daktari. Mimi ni daktari wa meno kwenye kliniki moja hapa Dar. Tumeazimwa kamera ya mkononi inayopiga uso picha za pande tatu, na tumeanza kufuatilia nayo wagonjwa waliotolewa uvimbe wa taya. Kijana mmoja nilimpiga picha asubuhi nikapima mwenyewe. Mchana, kabla hajaondoka, mwenzangu akampiga tena na kupima. Upana wa pua mimi nimepata milimita 41.2, yeye 41.0. Upana wa mdomo mimi 54.0, yeye 52.3. Kutoka kona ya taya hadi kona ya taya mimi 108, yeye 104. Ujazo wa shavu la kulia tumepishana mililita 4. Kati ya asubuhi na mchana kijana hakufanyiwa chochote, alikwenda kula chipsi tu. Mkuu wetu amecheka, anasema turudi kwenye kalipa, ile koleo ya chuma ya kupimia umbali. Je, kamera hizi zinaaminika au tumeazimwa kitu cha kuchezea watoto? Na mwenzangu anauliza kama simu isingetosha.

Jibu: Marahaba, daktari, na pole kwa kuchekwa.

Mmefanya jambo ambalo wengi hawalifanyi: mmempima mtu yuleyule mara mbili ndani ya siku moja. Wengi wetu hupima leo, tukarudia baada ya miezi mitatu, na tofauti yoyote tunayoiona tunaiandikia sifa matibabu. Ninyi mmejitegea mtego wenyewe na umenasa. Hizo namba nne zimejibu sehemu kubwa ya swali lako, ukizisoma pamoja badala ya moja moja.

Pua imepishana kwa nusu asilimia. Mdomo kwa zaidi ya asilimia 3. Taya kwa karibu asilimia 4. Kama kamera yenyewe ingekuwa mbovu, tuseme inakuza kila kitu, ingekuza pua na taya kwa uwiano uleule. Mizani iliyoharibika huharibikia mchele na maharage sawasawa. Ikiwa sawa kwenye mchele na ikakosea kwenye maharage tu, usiite watu wa Wakala wa Vipimo, tazama kidole gumba cha muuzaji kimekaa wapi. Kamera yenu imepona kwenye pua. Kosa limeingia kwa milango mingine, na kila namba ina mlango wake.

Tuanze na mdomo. Kwa ulivyonieleza, mnayo ile aina inayofanana na kamera ya mpiga picha wa harusi, yenye lenzi iliyogawanywa. Ukibonyeza mara moja inachukua jozi ya picha, kama macho mawili yanavyotazama kitu kimoja kutoka pande mbili. Programu inatafuta kitone kilekile cha ngozi kwenye picha zote mbili, inapima kimehama kiasi gani, na hapo inapata umbali wake kutoka kwenye lenzi. Inafanya hivyo kwa maelfu ya vitone mpaka uso unajengeka. Jina lake ni stereofotogrametria, jina kubwa kuliko kazi yenyewe. Sasa, jozi moja haiuoni uso mzima, kwa hiyo unapiga mara tatu: upande wa kulia kwa nyuzi kama 45, mbele, kisha kushoto, halafu programu inashona vipande. Na hapo ndipo penye tatizo. Kati ya bonyezo la kwanza na la tatu zinapita sekunde kadhaa. Unazunguka, unasogea mpaka zile nuru mbili zikutane usoni kukuonyesha kuwa umbali ni sahihi, unabonyeza. Mitambo mikubwa inayosimikwa chumbani ina kamera nyingi zinazopiga zote kwa pamoja, ndani ya sehemu chache tu za elfu moja za sekunde. Mgonjwa hapati hata nafasi ya kupepesa. Kwako anapata nafasi ya kumeza mate, kubana midomo na kumchekea muuguzi.

Hili si la kukisia. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Milano walichapisha kazi yao ya kuipima Vectra H1, mojawapo ya kamera za mkononi zinazojulikana zaidi, dhidi ya mtambo wa kusimikwa. Umbali kati ya nukta na nukta, pembe, na ukubwa wa eneo la ngozi vilitoka vizuri. Vilivyosumbua ni ujazo, pamoja na ule mlinganisho wa kulaza uso mmoja juu ya mwingine na kupima unavyoachana kote kote. Walichokilaumu ni miondoko midogo ya uso ambayo mtu haifanyi kwa kukusudia. Mwaka huohuo watafiti wa Pittsburgh, Marekani, waliilinganisha kamera hiyohiyo na mtambo mwingine wa kusimikwa, 3dMD, na kwa wastani vifaa hivyo viwili viliachana kwa chini ya milimita 1. Kwa hiyo mwambie mkuu wako kwamba kitu cha kuchezea watoto sicho. Kwa umbali wa usoni, kamera hizi zinaaminika. Kwa ujazo, zinaaminika kwa masharti, na masharti yenyewe nitayafikia.

Rudi kwenye ule mdomo uliopishana milimita 1.7. Pembe za mdomo ni sehemu ya uso isiyotulia hata mtu akiwa amelala. Asubuhi kijana alikuwa na wasiwasi, au alikufahamu akatabasamu kidogo. Mchana alikuwa ameshiba na amechoka. Ukimwambia mtu "tulia" ndiyo kwanza anabana midomo kama anapigwa picha ya pasipoti. Mimi huwaambia wameze mate, walambe midomo, waseme "mama" mara mbili, kisha waache taya lilegee mpaka midomo igusane yenyewe na meno yakaribiane bila kukazwa. Macho yatazame kitu kilichobandikwa ukutani usawa wa macho, si kamera, maana kamera inazunguka na macho yataifuata, na shingo nayo. Maneno hayo nimeyaandika kwenye karatasi na kila anayepiga picha anayasoma yalivyo, hata kama anayajua kwa moyo.

Kona ya taya ni hadithi nyingine kabisa. Alama hiyo ni ya mfupa. Kwenye uso wa mtu hai huioni, unaipapasa kwa kidole: unashuka nyuma ya taya chini ya sikio mpaka unapohisi linapinda kuelekea mbele. Kwenye skrini hakuna cha kupapasa. Kuna shavu linaloteremka taratibu kuelekea shingoni, na wewe umeweka nukta ulipohisi panafaa, mwenzako alipohisi yeye. Tena kwa kijana aliyetolewa uvimbe wa taya, kona yenyewe huenda imebaki upande mmoja tu! Milimita 4 hapo hazinishangazi hata kidogo. Ningeshangaa mngepatana.

Dawa yake ni kupapasa na kuweka alama kwenye ngozi kabla ya kupiga picha. Vitabu vingi vitakwambia utumie wanja wa majimaji. Wanja mweusi kwenye ngozi nyeusi, ndani ya chumba chenye mwanga hafifu, hauonekani kwenye skrini. Tafuta wanja mweupe, maduka ya vipodozi Kariakoo wanauza, au vistika vidogo vya duara. Nukta nyingine, kama pembe za macho, ncha ya pua na pale pua inapokutana na mdomo wa juu, zinaonekana vizuri zenyewe, ndiyo maana pua yenu ilipatana.

Sasa ujazo. Mililita 4 zinasikika nyingi, karibu kijiko cha chai. Hebu zipige hesabu. Eneo la shavu mlilokata lina ukubwa gani? Tuseme sentimita 8 kwa 10, yaani sentimita 80 za mraba. Ngozi yote ya eneo hilo ikisogea nje kwa nusu milimita tu, yaani sentimita 0.05, umeshapata sentimita 4 za ujazo. Nusu milimita! Akiuma meno, msuli wa kutafunia unatuna zaidi ya hapo. Akiweka ulimi shavuni, zaidi. Umbali kati ya nukta mbili unabeba makosa ya nukta mbili. Ujazo unakusanya kila kosa dogo la kila kipande cha ngozi na kukuletea jumla.

Nina aibu yangu hapo. Miaka ya nyuma, kwenye hospitali ambayo sitaitaja, nilifuatilia uvimbe wa mashavu baada ya kung'oa magego ya mwisho yaliyokwama. Mgonjwa mmoja alinipa matokeo mazuri ajabu: kufikia siku ya pili shavu lilikuwa limepungua mililita 9. Nikalisimulia kwenye kikao cha asubuhi kwa fahari, ingawa kila aliyekuwepo anajua kwamba uvimbe wa aina hiyo hupanda mpaka siku ya pili au ya tatu ndipo uanze kushuka. Muuguzi aliyekuwepo siku ya upasuaji ndiye aliyeniuliza, kwa heshima zote, kama nilikumbuka kumwambia mgonjwa ateme gozi, kile kitambaa cha kuzuia damu, kabla ya picha ya kwanza. Alikuwa bado ameing'ata. Nilikuwa nimepima gozi.

Kuna mlango wa nne ambao hukuutaja, na kwa mji huu ni mkubwa. Kamera inatafuta kitone kilekile kwenye picha mbili. Uso unaong'aa kwa jasho au mafuta unatoa nuru kama kioo, na ile nuru haikai mahali pamoja: jicho la kushoto la kamera linaiona pembeni mwa pua, la kulia linaiona mahali pengine. Programu haijui kuwa hiyo ni nuru. Inadhani ni kitone cha ngozi, inakipa umbali wa uongo, na pale usoni panatokea kibonde au kinundu ambacho mgonjwa hana. Tazama paji la uso na mabawa ya pua kwenye picha ya mtu aliyetoka juani Februari, aliyepanda daladala mbili, aliyejipaka mafuta ya mgando asubuhi. Ngozi inaonekana kama barabara ya vumbi baada ya mvua. Chipsi zenyewe sizilaumu, lakini mafuta ya chipsi yaliyobaki midomoni nayalaumu. Mkalishe mgonjwa ndani robo saa, mfute kwa tishu isiyo na unyevu, usimsugue mpaka ngozi ivimbe. Funga pazia la upande wa jua. Zima feni wakati wa kupiga, maana inatikisa nywele na ncha ya mtandio, na vyote viwili vinavuruga ushonaji wa vipande.

Kuhusu mtandio: huna haja ya kumvua mtu bila sababu. Ukihitaji masikio, kwa mfano kupima kina cha uso kutoka sikioni hadi kidevuni, mweleze, mpatie chumba na mpigaji wa kike. Usipohitaji, achana na masikio. Kamera hizi hazisomi vizuri mikunjo ya sikio hata kichwa kikiwa wazi, wala ndani ya matundu ya pua, wala chini ya kidevu, wala ndevu. Penye nywele programu inajaza yenyewe inavyokisia.

Kalipa ya mkuu wako nisiidharau, nimeitumia miaka mingi. Kwenye alama za mfupa inashinda skrini, kwa sababu kidole kinapapasa na chuma kinafuata. Lakini kwenye nyama laini inabonyeza, na kila mkono unabonyeza kwa nguvu yake. Tena kipimo cha kalipa kikishaandikwa hakuna njia ya kurudi. Mgonjwa akiwa ameshafika Kigoma huwezi kukipima upya. Picha unaifungua usiku wa manane ukahakiki. Vitu hivyo viwili vinaweza kukaa droo moja.

Simu? Inategemea simu na inategemea kazi. iPhone nyingi tangu toleo la X la mwaka 2017 zina kifaa cha mbele kinachotupa usoni vidoa zaidi ya 30,000 vya miali isiyoonekana, na programu kadhaa zinakitumia kujenga uso. Simu nyingine nyingi zinazoshikwa hapa mjini hazina kifaa hicho. Hujenga uso kutokana na video au picha nyingi za kawaida, na ukubwa halisi zinaukisia usipoweka rula ndani ya picha. Kumwonyesha mgonjwa atakavyofanana, kukata umbo la barakoa, kumtumia fundi wa viungo bandia umbo la jumla, simu inafaa. Tatizo lake ni kwamba inalainisha. Kingo za ule mfereji kati ya pua na mdomo, ukingo wa mdomo, mkunjo wa bawa la pua, vyote vinatoka kama sabuni iliyotumika. Kwa mtoto aliyeshonwa mdomo wa sungura, hapo ndipo hasa unapotaka kupima. Na jambo moja msilifanye kabisa: ziara ya kwanza kwa kamera, ya pili kwa simu. Mtakuwa mnapima tofauti ya vifaa.

Nisisahau watoto hao. Mtoto mchanga wa miezi mitatu hatakaa sekunde kumi akiwa na uso uleule, na kwake kamera ya kubonyeza mara tatu inahangaika kuliko mtambo wa mara moja. Faida ya ile ya mkononi ni kwamba unaingia nayo chumba cha upasuaji, mtoto akiwa ameshalala kwa dawa. Ila amelala chali; mashavu yameshuka kuelekea masikioni na bomba la pumzi liko mdomoni. Picha hiyo linganisha na picha nyingine ya chali, usiilinganishe na ya kukaa.

Lililobaki ni kuijua namba yenu wenyewe. Si ya Milano, si ya Pittsburgh, ya chumba chenu na mikono yenu. Chukueni watu 20, wafanyakazi wenzenu wanatosha. Kila mmoja apigwe picha, anyanyuke, atembee, alama zifutwe, arudi, ziwekwe upya, apigwe tena. Wewe upime zote, mwenzako apime zote, bila kuonyeshana. Nasisitiza kunyanyuka na kufuta alama kwa sababu nimesoma tasnifu nyingi ambazo mtu alifungua picha ileile mara mbili, akaweka nukta mara mbili, akaripoti kosa dogo la kupendeza. Huko amepima mkono wake tu. Uso, mwanga, alama na mashine havijapata nafasi ya kukosea.

Hesabu yake ni ya kalamu na karatasi. Hapa nabuni namba za watu watano tu ili uione: tofauti kati ya kipimo cha kwanza na cha pili ni 0.4, 0.2, 0.9, 0.5 na 0.3. Zipandishe kwenye kipeo cha pili na kuzijumlisha, unapata 1.35. Gawa kwa mara mbili ya idadi ya watu, yaani 10: 0.135. Kipeuo chake cha pili ni karibu 0.37. Hilo ndilo kosa la kipimo kwa kanuni ya Dahlberg, inayotumika sana na madaktari wa kupanga meno. Kisha zidisha kwa 2.77, unapata milimita 1.0. Mgonjwa akibadilika chini ya hapo, kati ya ziara na ziara, huna haki ya kusema amebadilika. Halafu angalia tena zile tofauti tano: ile ya 0.9 peke yake imechangia 0.81 kati ya 1.35, asilimia 60. Kabla ya kulaumu mfumo mzima, ifungue picha hiyo. Mara nyingi utakuta meno yalikuwa wazi.

Usinitumie uhusiano wa takwimu wa 0.99, yaani namba zenu zinapanda na kushuka pamoja karibu kikamilifu, ukaniambia mmepatana. Kama wewe kila siku unazidisha milimita 3 kuliko mwenzako, uhusiano wenu utakuwa safi kabisa na bado mtakuwa mnapingana. Martin Bland na Douglas Altman walilieleza hilo vizuri mwaka 1986 kwenye jarida la Lancet. Chora tofauti dhidi ya wastani kama walivyoonyesha, utaona kama kuna mmoja anayeegemea upande.

Kosa hilo pia lipime dhidi ya ukubwa wa kitu. Milimita 1 kwenye upana wa taya wa 108 haifiki asilimia 1. Milimita hiyohiyo kwenye mfereji wa mdomo wa juu wenye upana wa 10 ni asilimia 10, na huo ni mpaka ambao watafiti wengi huanza kukiita kipimo kibovu. Vitu vidogo vipime mara tatu na kuchukua wastani, au visiingie kwenye ripoti.

Kwa wagonjwa wenu wa taya kuna mtego mmoja wa mwisho. Kamera inaona ngozi, haioni mfupa. Mtu aliyetolewa ameloblastoma, aina ya uvimbe wa taya, akashindwa kula vizuri miezi miwili atapungua kilo kadhaa, na mashavu yatapungua pande zote mbili; akianza kula, yatarudi. Pima uzito kila ziara na upime pia upande usio na ugonjwa. Upande huo nao ukibadilika kwa kiasi hichohicho, chanzo ni sahani, si taya. Mfupa wenyewe unahitaji CT bado, ile picha ya mionzi ya pande zote, ingawa kwa kuwa kamera haina mionzi unaweza kupiga picha kila mwezi bila kumwogopesha mtu. Wala msiwalinganishe na majedwali ya nyuso za watu wa Amerika Kaskazini aliyoyakusanya Leslie Farkas huko Toronto, mazuri kwa watu wake. Mgonjwa alinganishwe na yeye mwenyewe.

Na mafaili hayo msiyatume WhatsApp. Uso wa pande tatu hauzibiki macho kwa mstari mweusi ukabaki na maana, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatumika tangu Mei 2023. Ridhaa iandikwe, isainiwe, na ieleze kama picha itaonyeshwa kwa wanafunzi.

Kuhusu kijana wako: mwite tena. Picha mbili siku hiyohiyo, alama za wanja mweupe, midomo imefutwa, maneno yaleyale ya karatasini. Upana wa pua muuandike mlivyoupata. Mdomo andikeni wastani wa picha mbili. Kona ya taya ya upande uliokatwa muiondoe kwenye fomu kabisa. Ujazo wa shavu msiuandike mpaka zile picha za watu 20 ziwe zimewapa namba yenu, na kwenye faili lake, pale penye safu ya mabadiliko, kwa sasa andikeni: "hakuna tunayoweza kuyaona."